Mafunjo yanayosafisha majitaka ya Kampala: yakifyekwa analipa nani?

Mkulima akipita kando ya tindiga lililojaa mafunjo, mara nyingi huona ardhi iliyolala bure. Udongo mweusi, maji mwaka mzima, soko liko jirani: kwa nini asifyeke apande magimbi? Hivyo ndivyo walivyofikiri wengi walioingia bonde la Nakivubo jijini Kampala, na kwa hesabu ya mifuko yao hawakukosea.

Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya jiji, jirani na soko la Owino, ukikusanya majitaka ya makazi, karakana, machinjio na viwanda. Hupokea pia maji yanayotoka kwenye mtambo wa majitaka wa Bugolobi. Yote huishia katika tindiga lenye kilometa za mraba 5 hivi, kisha huingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison. Kilometa chache kutoka hapo ni Ggaba, ambako Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda huvuta maji ya kunywa ya jiji. Kati ya choo na bomba, kwa hiyo, yamesimama mafunjo.

Kazi yenyewe haifanywi na mmea peke yake. Mizizi ya mafunjo huning'inia ndani ya maji kama ndevu, na juu yake huishi bakteria wanaokula uchafu. Wengine hugeuza naitrojeni ya kinyesi kuwa gesi inayopotea hewani. Mmea nao hunyonya fosfati ili ukue, na matope hushuka chini kwa sababu maji yanakwenda polepole. Magimbi hayana mizizi mirefu kiasi hicho. Zaidi ya hapo, ili yastawi mkulima huchimba mitaro, na mitaro hiyo huyapitisha majitaka mbio mpaka ziwani kabla bakteria hawajapata nafasi ya kufanya kazi.

Mwaka 1999 wachumi waliikadiria huduma hiyo ya usafishaji kuwa na thamani ya kati ya dola za Marekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mazao, matofali na mafunjo yaliyovunwa humo vikijumlishwa havikufika karibu na kiasi hicho. Tatizo ni kwamba hakuna anayemlipa mkulima ili ayaache mafunjo. Yeye hupata gunia la magimbi leo, wakati hasara yake hutokea Ggaba, kwenye dawa za kusafishia maji, na hatimaye kwenye ankara ya mama ntilie asiyelijua hata bonde lenyewe. Kwa maoni yangu, kumfukuza mkulima huyo bila kumpa njia nyingine ya kipato ni kuahirisha ugomvi tu.

Tusiyapambe mafunjo kupita kiasi. Bakteria wanaweza kumaliza kinyesi, lakini hawawezi kumaliza risasi wala kadimi kutoka karakana. Metali hizo hubaki kwenye matope na mizizi, na nyingine huingia kwenye mboga zinazolimwa humo. Mchuuzi anayenunua mboga za majani au magimbi ya bonde la majitaka kwa bei ya chini ajue kwamba kuosha na kuchemsha hakuondoi metali iliyokwisha kuingia ndani ya mmea. Dawa yake ni kiwanda kuzuia uchafu huo langoni kwake.

Kwa mwenye tindiga linalopokea maji machafu ya kijiji au ya machinjio madogo, kuvuna mafunjo kwa zamu kuna faida mbili. Bua lililokatwa na kupelekwa mbali huondoka na rutuba iliyozidi majini. Likiachwa lioze hapo, rutuba hiyo hurudi ilikotoka. Mabua hayo yana wanunuzi: wasuka mikeka, waezekaji na watengeneza kuni za kushindilia. Gawa eneo vipande, kata kimoja, viache vingine vikue, na usiguse ukanda unaopakana na ziwa au mto.