Kidonge cha mafua kilichomnyima fainali

FEBRUARI 23, 2014, Sochi, Russia. Muda mfupi kabla ya fainali ya Olimpiki ya mpira wa magongo wa barafuni, Nicklas Bäckström wa Sweden anaambiwa hachezi. Kisa? Kidonge cha mzio wa pua alichokitumia kwa miaka. Sweden ikalala 3-0 kwa Canada. Medali yake ya fedha alikuja kupewa, lakini fainali ndiyo ilishapita.

Kidonge chenyewe, Zyrtec-D, kina dawa mbili. Setirizini inatuliza mzio, na hiyo ni ruksa. Pseudoefedrini inazibua pua, na hapo ndipo penye noma: ikizidi mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya mechi, ni kesi.

Sasa wapo wachezaji wetu wanaopiga chafya Januari hadi Desemba, vumbi la uwanjani, vumbi la godoroni. Ukimpa Piriton, beki anasinzia krosi ikiwa hewani!

Steroidi ya kupulizia puani inaruhusiwa kwa dozi ya kawaida, ila ipulizwe kila siku, siyo asubuhi ya mechi tu. Isipotosha, kuongeza kidonge cha mzio mara nyingi hakubadilishi sana. Kinachosaidia zaidi ni kuongeza azelastini, nayo ya kupulizia. Steroidi ya vidonge au sindano siku ya mechi? Marufuku, mpaka uwe na kibali maalumu.

Timu yako haina daktari? Nenda na boksi lenyewe kwa mfamasia, umuulize kama ndani kuna pseudoefedrini.