Majumba ya zamani yapewe kazi

Je, msomaji, umewahi kusimama Kenyatta Avenue, jijini Nairobi, ukayatazama majumba mawili ya mawe yaliyojengwa mwaka 1913?

La kwanza ni Kipande House. Humo ndimo wanaume Waafrika walimoandikishwa na kupewa kipande, cheti cha kikoloni walicholazimishwa kuning'iniza shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Leo jengo hilo ni benki. Mjukuu huweka akiba pale ambapo huenda babu yake alipigwa chapa ya vidole.

Ukiteremka hadi Uhuru Highway utakuta la pili. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Mwaka 2005 liligeuzwa kuwa Nairobi Gallery, na humo sasa mna sanaa za Kiafrika alizokusanya marehemu Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966.

La kusikitisha ni kwamba nyumba yake ya Muthaiga, ambayo serikali iliinunua, ilibomolewa. Jumba lisilo na kazi halina mtetezi. Paa huvuja, mbao huoza, kisha husemwa ni hatari, na tingatinga huitwa. Lenye kazi hujilipia ukarabati.

Wazazi, siku moja wapelekeni watoto wakajionee. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.