Chujio la Maji kwa Nyumba: Lipi Litufaalo?

Kila msimu unapokwisha na karafuu zikishauzwa, wauzaji wa vitu huifuata pesa vijijini, na siku hizi katika hao wamo wauzaji wa machujio ya maji. Wanachama kadha wa kadha wametuuliza lipi lililo bora. Swali ni zuri, lakini twaona lina swali jingine mbele yake, nalo ni hili: maji unayokunywa yana ila gani? Maana hakuna chujio liondoalo kila kitu, na aghlabu lile la ghali limetengenezwa kwa ila ambayo maji yako hayanayo.

Ila za maji yetu kwa jumla ni tatu: uchafu uonekanao, chumvi, na vijidudu. Mbili za kwanza mtu huzijua kwa jicho na kwa ulimi. Ya tatu haina dalili. Sote tulisoma chuoni kwamba maji yaliyofika kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara, na katika tohara ndiyo tunayoifuata. Lakini vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi wala ladha wala harufu. Kisima chaweza kumfaa mtu kwa udhu na kikamdhuru kwa kunywa. Visiwa vyetu vilipatwa na maradhi hayo mwaka 1978, na tangu hapo yamerudi mara nyingi. Yale ya 2015 na 2016 yaliwapata watu zaidi ya 4,000 Unguja na Pemba. Basi katika ila hizi tatu, sisi twasema pesa ya kwanza itolewe kwa vijidudu.

Kitambaa wazee wetu walikijua, na si cha kudharauliwa. Huko Bangladesh wataalamu walijaribu kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi, na mwaka 2003 wakaeleza kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hupenda kushikamana na viumbe vidogo vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvizuia. Kanga kuukuu yaweza kufanya kazi ile ile. Lakini nusu si yote, kwa hiyo kitambaa kiwe mwanzo tu wa kazi. Kadhalika pipa la mchanga na makaa ya jikoni: maji hutoka meupe yakapendeza, na kupendeza kwake ndiko kunakomdanganya mtu.

Lile tulipendalo sisi kwa nyumba nyingi za shamba ni la ndoo mbili. Ya juu ina kitu cha udongo mweupe uliochomwa, mfano wa mshumaa mnene, na ya chini ina bilula. Maji hupenya katika vitundu vidogo mno vya udongo ule, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo vikabaki nje. Halitaki umeme wala mfereji. Virusi, ambavyo ni vidogo zaidi, vyaweza kupita. Basi panapokuwa na maradhi mtaani, maji yaliyochujwa yatiwe na dawa au yachemshwe mpaka yatokote. Kuchemsha peke yake kwatosha kuua vijidudu, lakini kuni ni ghali, na makonyo yana soko lake kule Wawi.

Kabla ya kununua, fanyeni hesabu. Mshumaa mmoja hupitisha kiasi cha lita 1 au 2 kwa saa. Nyumba ya watu wanane, kila mtu akinywa lita 2, yataka lita 16 kwa siku. Mshumaa mmoja mzito waweza kuchukua saa 16. Kwa nyumba kama hiyo chukueni la mishumaa miwili, na kwanza mwulizeni mwenye duka kama anayo mishumaa ya kubadilisha. Ukizibana husuguliwa taratibu kwa brashi laini na maji safi, bila ya sabuni. Ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, hauna kazi tena. Kuujua ufa ni rahisi: rowesha mshumaa, uzamishe majini, upulize kwa ule mrija wake, povu likitoka mfululizo pahala pamoja, pana ufa.

Machujio ya makaa ya dukani huondoa harufu na ladha ya dawa katika maji ya mfereji, lakini vijidudu hayaviui. Ama mashine ya kuondoa chumvi, hiyo ni kweli yamfaa mtu wa pwani na maweni ambaye kisima chake kimeingiliwa na bahari. Lakini yataka umeme na msukumo wa maji, na hutupa maji mengi kila itoapo machache ya kunywa. Mwenye kisima kitamu cha bonde hana sababu ya kuinunua, hata aambiwe nini.

Na chujio lolote liwalo, maji yakishatoka yasimiminwe katika mtungi unaotumbukizwa kata na kila mkono wa nyumba. Hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Yabaki katika ndoo yenye kifuniko, yatolewe kwa bilula.

Wachumaji nao wasisahauliwe. Kambini watu ni wengi na chujio la nyumbani haliwahi, kwa hiyo wengi hunywa ya mtoni. Mtu anayeharisha ana kizunguzungu, lakini kwa kuogopa kukosa pishi zake atapanda mkarafuu, na khatari ya hapo kila mwenye shamba anaijua. Kwao bora dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba na vidonge vya dawa ya maji, kwa kipimo kilichoandikwa katika paketi. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, yatiwe dawa, yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa. Mwenye shamba ayatayarishe usiku, yawe tayari wachumaji wanapotoka alfajiri.