Kipindi kina bei, madaftari hayana

SHULE za kata zilipoongezeka kuanzia 2006, walimu wa hisabati na sayansi walikuwa haba. Pengo likazibwa na walimu wa muda, wakilipwa kwa michango ya wazazi. Januari 2016 elimu bila ada ilianza hadi kidato cha nne. Michango ya lazima ikakoma.

Kwa mkulima wa kahawa Mbinga au mvuvi wa usipa Mbamba Bay, hiari hufuata msimu. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, masomo huanza Januari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike saa za kazi na malipo. Mwalimu adai karatasi hiyo mapema, nayo itaje usahihishaji, kazi inayofanyika usiku bila malipo.