Mkahawa Ndani ya Jumba la Sinema la Kale: Kinachowezekana Vuga na Taratibu Zake

Jumba la kwanza la sinema lililosimama pale Vuga lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal. Mchoro wake ulitoka kwa John Sinclair, Mwingereza ambaye mkono wake unaonekana pia katika Beit el Amani. Katika miaka ya 1950 Royal iliteketea kwa moto, na mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955 ikiwa na sura ya mtindo wa Art Deco uliopendwa zama hizo. Wakaazi wa wadi za Mji Mkongwe wanaouliza kama jumba la namna hii linaweza kupewa mkahawa wenye mandhari ya filamu za zamani wanastahili jibu lililo wazi. Linawezekana, ila masharti yake ni mengi, na mengi kati ya hayo yanatokana na jengo lenyewe.

Sababu ya kutaka mkahawa ni ya kihesabu zaidi kuliko ya mapambo. Sinema huuza tiketi kwa saa chache za jioni, ilhali paa, mbao na chokaa huliwa na unyevu na chumvi ya bahari usiku na mchana. Televisheni ilipoingia Unguja mapema miaka ya 1970, na baadaye kanda za video, watazamaji walipungua na kumbi zikafungwa. Empire ya Darajani na Cine Afrique ya Malindi ziliishia kuwa mahali pa biashara nyingine. Jengo lisilo na pato la kila siku hungoja mfadhili, na mfadhili akichelewa paa haliwezi kumsubiri. Kikombe cha kahawa asubuhi ni pato dogo, lakini ni la kila siku.

Mkahawa ukae wapi? Mahali panapofaa ni ukumbi wa mbele, palipokuwa na dirisha la tiketi, kwa kuwa sakafu yake ni tambarare na milango yake inatazama barabara. Ndani ya ukumbi wa kutazamia sakafu kwa kawaida huteremka kuelekea pazia ili wa nyuma asizibwe na wa mbele. Meza haitulii hapo, na kuisawazisha sakafu hiyo ni kuiua sinema. Chumba cha projekta nacho kiachwe kama kilivyo. Hadi kufikia miaka ya 1950 mikanda ya filamu ilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kuendelea kuwaka hata kikizamishwa majini. Ndiyo maana vyumba hivyo vilijengwa kwa kuta nene na vijidirisha vyenye vifuniko vya chuma. Anayevunja ukuta huo apate nafasi ya jiko anaondoa kinga na historia kwa nyundo moja.

Kwa jumba ambalo mtangulizi wake uliteketea, suala la moto si la kujaza fomu tu. Mashine ya espresso hutumia umeme mwingi kuliko birika la kawaida, na nyaya za zamani hazikuwekwa kwa ajili yake. Mwombaji aanze kwa fundi umeme, kisha awaite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wakague njia za kutokea na mahali pa kuweka mitungi ya gesi.

Jengo lolote ndani ya eneo la hifadhi halibadilishwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Kibao cha jina na rangi ya mbele vimo katika hesabu hiyo. Kibali kitangulie leseni ya biashara. Wapo wanaokwenda kinyume, wakalipa kodi ya pango miezi kadhaa huku mlango umefungwa. Wahudumu wa chakula nao hupimwa afya kabla ya kuanza kazi.

Mabango ya filamu za zamani huvutia wateja, lakini picha, nyimbo na filamu zina wenyewe. Ruhusa ya kupiga muziki hadharani hufuatiliwa kwa COSOZA, na filamu inayoonyeshwa kwa umma hupita Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Mwenye mkahawa mwenye busara atatafuta kwanza vya hapa hapa: tiketi za zamani zilizosalia katika masanduku ya majumbani, viti vya mbao, picha za foleni za wikiendi za filamu za Kihindi.

Ikumbukwe pia kwamba kahawa na filamu vilikutana mjini muda mrefu kabla ya wazo hili. Jaws Corner, pale Sokomuhogo, imepata jina kutokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, na hadi leo watu huketi barazani wakinywa kahawa ya dele kwa kikombe kidogo, televisheni ikiwaka. Mkahawa wa Vuga ukiuza kahawa kwa bei ya mgeni peke yake, mwenyeji ataendelea kukaa Sokomuhogo, naye atakuwa sahihi. Kwa hiyo mwombaji anashauriwa kumwona sheha na wakaazi wa jirani kabla ya kuchora chochote, na kukubaliana nao mapema juu ya bei ya kahawa nyeusi, saa za muziki karibu na misikiti, na mahali pa kutupia taka.