Usiue nyasi za korti yako kwa sababu ya baridi ya Julai

Kama unaishi Buruburu, Umoja, Donholm au Jericho, hebu chungulia nje mwezi huu. Zile nyasi zilizokuwa kijani Mei sasa zimegeuka rangi ya majani makavu. Katikati kuna kipara, pembeni tairi za gari zimeacha alama, na kwenye group ya WhatsApp ya korti kuna mtu ashaanza: "Si tuchange tu tuweke kabro?"

Kabla hujatuma mchango, tulia kidogo. Nyasi kukauka si nyasi kufa. Na huku kwetu Eastlands, nafasi iliyobaki mchanga mtupu haikai hivyo kwa muda mrefu. Leo linaegeshwa gari moja, kesho kinasimamishwa kibanda, mwaka ujao kuna mabati na geti, na watoto wanacheza kati ya matatu na bodaboda. Kutunza nyasi ni kutunza nafasi.

Nyasi za kwetu, sifa za kwao

Nyasi zinazopendwa sana Nairobi huitwa nyasi za Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lenyewe limetoka hapa Kenya. Mwanzoni mwa karne iliyopita zilivuka bahari hadi Australia, Afrika Kusini na California. Kule Los Angeles, uwanja wa gofu wa Riviera unasifika kwa nyasi hizi, na ndiko gofu ya Olimpiki ya 2028 imepangiwa kuchezwa.

Lakini Marekani hiyohiyo imeziweka kwenye orodha ya magugu hatari, kwa sababu zikishika mahali hazitaki kutoka. Zinatambaa juu ya udongo na pia chini yake. Sasa jiulize: mmea unaowasumbua Wamarekani kuung'oa, mbona unatushinda kuukuza kwenye korti ya Umoja?

Baridi haina makosa

Jibu la haraka la wengi ni baridi. Si kweli. Julai usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na hilo haliui nyasi. Zinapunguza tu mwendo. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu ni mengi, jua ni kidogo na mvua ni haba, kwa hivyo nyasi zinakua polepole sana. Kidonda ambacho Mei kingefunikwa kwa wiki mbili, sasa kinakaa miezi.

Hapo ndipo udongo wetu unaongeza balaa. Upande wa magharibi wa jiji, kule Karen na Lavington, kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Sisi huku, kuanzia Buruburu hadi Embakasi, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa pamba. Ukilowa unavimba na kunata kwenye viatu, ukikauka unapasuka nyufa za kutumbukiza vidole. Ukikanyagwa kila siku unashikana kama sakafu, na mizizi inakosa hewa.

Kwa hivyo wauaji halisi ni watatu: miguu inayopita njia moja kila siku, magari, na fundi wa slasha anayekata hadi udongo uonekane ili asirudi haraka.

Hesabu ya mitungi

Wengine hukimbilia kumwagilia. Tupige hesabu. Chukua korti ndogo ya mita 10 kwa 10. Kuipa maji sawa na mvua ya milimita 25 unahitaji lita 2,500. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20! Hata ukiuziwa mtungi kwa shilingi 10 tu, ni shilingi 1,250 kwa wiki, na hapo bado maji ya mgao hayajafika kwa mama watoto jikoni.

Habari njema ni kwamba huhitaji kufanya hivyo. Nyasi zilizokwisha kushika mizizi zinaweza kulala wakati wa ukame na kuamka mvua ikirudi. Maji yako machache yapeleke kwenye viraka vipya pekee. Kiraka cha mita moja ya mraba kinatosheka na nusu mtungi, ukimwaga polepole asubuhi. Afadhali mara moja kwa wiki hadi maji yazame kuliko kunyunyiza kidogo kila jioni, maana maji ya juujuu huzoesha mizizi kukaa juujuu.

Maji ya kusuuzia nguo ni sawa, mradi ubadilishe mahali pa kumwaga. Yale ya kwanza yenye povu zito la sabuni ya unga, au yaliyotiwa Jik, usiyamwage hapo. Chumvi ya sabuni huufanya udongo mweusi uwe mgumu zaidi.

Fanya hivi kabla ya mvua

Kwanza, panga njia. Watu watapita tu, hata ukiweka kibao. Kama kuna kichochoro ambacho kila mtu hukifuata kwenda dukani, kikubali, ukiwekee mawe bapa, kisha uokoe sehemu iliyobaki.

Pili, magari yatoke. Mawe makubwa au matairi ya zamani yaliyopakwa rangi pembeni mwa korti yatafanya kazi kuliko kelele za kwenye group.

Tatu, mwambie fundi asikate zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kama zimefika sentimita 9, aache 6. Msimu huu wa baridi anaweza hata kuja mara moja tu kwa mwezi.

Nne, chukua foki jembe, uchome mashimo kwenye sehemu zilizoshikana, baada ya manyunyu ili lisikuvunjikie. Jaza mashimo na nyufa kwa samadi iliyooza vizuri ikichanganywa na udongo mwekundu.

Tano, angalia jua. Nyumba nyingi za Buruburu zimeongezwa vyumba na ghorofa, na kivuli kimekuwa kirefu. Nyasi za Kikuyu hazipendi kivuli. Punguza matawi ya miti. Kama kivuli ni cha ukuta, panda maua yanayovumilia badala ya kupigana vita usivyoweza kushinda.

Kupanda subiri mvua za vuli, Oktoba kuelekea Novemba, au zile za masika, mwishoni mwa Machi. Huhitaji kununua mbegu. Omba vipande vyenye mizizi kwa jirani, vipande kama kidole, uvipande kwa umbali wa shibiri moja. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna anayevikanyaga hadi vishikane.

Nani mwenye hii nyasi?

Hilo ndilo swali kubwa kuliko maji. Waliochora mitaa yetu walikumbuka nafasi. Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilipewa nyumba za chini zinazozunguka maeneo ya wazi. Buruburu ya miaka ya 1970 ilipangwa kwa korti. Dandora nayo, mradi wa miaka hiyohiyo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ina viwanja vya ndani kati ya nyumba. Ramani haikukosa nafasi. Kilichokosekana baadaye ni mtu wa kusema, "Hapa ni petu."

Vijana wamewahi kulisema hilo kwa vitendo. Dandora, kundi la Dandora Transformation League lilianzisha mashindano ya kupendezesha viwanja hivyo vya ndani, vijana wa kila korti wakisafisha taka na kupanda. Korogocho, vijana wa Komb Green Solutions waligeuza ukingo wa Mto Nairobi uliokuwa jaa la taka kuwa bustani ya umma. Hawakuanza na pesa nyingi. Walianza na reki, mabuti na orodha ya zamu.

Na kuna sababu nyingine ya kufikiria mara mbili kuhusu kabro. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha maji yakikosa pa kwenda yanaingia kwa nyumba. Nyasi peke yake hazizuii mafuriko, lakini zinapunguza kasi ya maji na kushika udongo usiende kuziba mitaro. Kabro iliyopangwa ukuta hadi ukuta inayasukuma tu kwa jirani.

Kwa hivyo ile meseji ya kabro ikiingia tena kwenye group, jibu na pendekezo. Nyumba 20 zikichanga shilingi 100 kwa mwezi ni shilingi 2,000: fundi wa slasha, gunia la samadi, na kijana mmoja wa korti analipwa kuangalia viraka. Weka zamu, weka mawe, halafu uwe na subira hadi Oktoba. Nyasi zenyewe zinajua kutambaa. Wewe zipe nafasi tu.