Nyumba imejaa vitu: tusianze na salongo

Karibu kila kartie iko na nyumba moja ambayo majirani wanaisemea. Mlango haufunguke muzuri, juu nyuma yake kuko mafurushi. Bido zenye kupasuka, makopo, nguo za watoto waliokwisha kuoa, fakitire za umeme za zamani. Kitanda kimefunikwa, mwenyewe analala ku kiti. Watu wanasema: "Ule muzee ni muchafu", ao "ni choyo", ao tena wanataja uchawi.

Tuseme wazi: hapana kila mwenye kuweka vitu ni mugonjwa. Kwetu, bido ya leo itachota maji kesho, na msumari uliopinda utanyooshwa. Huo ni ujuzi wa maisha. Ugonjwa unaanza pale mutu anashindwa kuachana hata na kitu kisicho na kazi tena, anaumia moyoni akiwaza kukitupa, na nyumba inajaa mpaka hakuna tena fashi ya kupikia ao kulala. Waganga wa akili wa Marekani waliuhesabu kama ugonjwa wa peke yake mwaka wa 2013, na uko pia mu orodha mpya ya OMS, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 2022. Mara nyingi unaanza mu ujana, unazidi mu uzee, na msiba unaweza kuukaza.

Kisa kinachojulikana sana ni cha ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer. Homer alipofuka. Langley akawa anamuwekea magazeti, ili siku macho yatafunguka asome habari zote zilizomupita. Mu mwezi wa tatu 1947, polisi ilimukuta Homer amekufa. Langley walimutafuta zaidi ya majuma mawili, kumbe alikuwa karibu kabisa na ndugu yake, chini ya mizigo iliyomuangukia. Mu nyumba ile walitoa zaidi ya tani 100 za vitu. Watu wengi walikuja kushangaa. Lakini mu yale magazeti kulikuwa upendo wa ndugu.

Ni vile tunakosea. Tunangoja muzee aende ku matanga, tunaita vijana, tunafanya salongo, tunatupa vyote. Jioni anarudi, analia kama aliyefiwa. Hatuamini tena, na kisha miezi michache nyumba imejaa upya.

Basi tufanye nini? Tuanze na usalama: njia ya kufika ku mlango ibaki wazi, mbabula ikae mbali na makaratasi. Hapo hata yeye anaweza kukubali. Kisha tumuulize polepole: "Papa, hii inakukumbusha nini?" Tumusikilize bila kucheka. Yeye mwenyewe achague cha kubaki na cha kutoka, hata kama ni sanduku moja tu kwa juma. Tusiguse kitu bila ruhusa yake.

Ikishinda jamaa, waganga wa akili wako: SOSAME kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, Centre Joseph Guislain kule Lubumbashi. Matunzo makubwa ni mazungumzo na mazoezi ya kuachilia, na yanaomba muda.

Vitu havitakimbia. Tumutunze kwanza mutu.